Colt Brennan: Mapenzi Yalijaza Uwanja, Kitanda Kimoja Kikakosekana

Kama Mei 2021 ulipita kwa habari za spoti za Marekani, lazima uliona watu wa Hawaii wakiposti picha za chali mmoja wa jezi nambari 15, na chini yake neno moja tu: Aloha. Labda uliteleza kidole ukapita. Rudi kidogo, msee. Hiyo stori inakugusa kuliko unavyodhani.

Jina lake Colt Brennan. Alifariki Jumanne, Mei 11, 2021, huko California, akiwa na miaka 37. Kwa watu wengi duniani yeye ni jina tu. Kwa watu wa Hawaii ni mtoto wao, ingawa hakuzaliwa kwao.

Najua utauliza, sisi na Hawaii wapi na wapi? Basi cheki hii. Chuo alichochezea Brennan, University of Hawaii pale Manoa, Honolulu, ndicho kile babake Barack Obama aliendea mwaka wa 1959 akitoka hapa Kenya. Hapo ndipo alikutana na mamake Obama, na Obama mwenyewe akazaliwa Honolulu mwaka wa 1961. Kwa hivyo hiyo kampasi haiko mbali sana na sisi. Ni kama mtaa wa binamu.

Lakini Obama siye stori ya leo. Stori ni hii: mtu anaweza kupendwa na watu milioni moja na bado akose kitu kimoja kidogo cha kumwokoa. Wacha nikuonyeshe venye ilienda.

Kwanza elewa hiyo gemu

Futiboli ya Marekani si hii yetu ya Gor na Ingwe. Mpira wao una umbo la yai, unashikwa kwa mkono, na kila upande una wasee 11. Mwenye kushika usukani anaitwa kwotabeki. Karibu kila mchezo ukianza, mpira unapitia kwake kwanza. Ana sekunde tatu hivi za kusoma uwanja wote, kuamua nani yuko wazi, na kurusha. Wakati huo kuna majitu ya kilo 120 yanakuja kumwangusha, na hayana huruma. Akirusha na mwenzake akadaka kule mwisho wa uwanja, hiyo ni tachidauni, pointi sita.

Sasa, msimu wa 2006 Brennan alirusha tachidauni 58. Mechi zilikuwa 14, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya nne kila mechi. Hakuna mtu wa vyuo vikubwa alikuwa amewahi kufanya hivyo. Rekodi ya zamani ilikuwa 54, na ilikuwa imekaa tangu 1990. Hiyo ya Brennan ikakaa mpaka 2019, Joe Burrow wa LSU alipopiga 60.

Na usidhani gemu za vyuo ni kitu kidogo kule, kama zile mechi zetu za vyuo zinazochezwa mbele ya wasee 50 na mbwa mmoja. Kule kuna chuo chenye uwanja unaobeba zaidi ya watu laki moja. Mechi zinaonyeshwa kwa runinga taifa zima. Ganji inayozunguka hapo ni ya mabilioni ya dola.

Kwa nini Hawaii ilimpenda hivyo

Hawaii iko katikati ya bahari. Kutoka hapo hadi California ni karibu kilomita 3,900 za maji matupu. Watu ni kama milioni moja na laki nne. Hakuna timu hata moja ya ligi kubwa za kulipwa, iwe ni futiboli, basketi au besiboli. Kwa miaka mingi ligi kuu ya futiboli ilikuwa inapeleka mechi yake ya mastaa pale Aloha Stadium. Mastaa wanakuja, wanacheza, wanaota jua, wanarudi kwao. Watu wa Hawaii wanabaki na uwanja mtupu.

Kwa hivyo timu ya chuo ndio timu ya kila mtu. Nyanya anaifuata, dereva wa basi anaifuata, mtoto wa darasa la pili anaifuata. Fikiria Harambee Stars, Shujaa na timu ya mtaa wenu zimewekwa kwa jezi moja. Hiyo ndiyo ilikuwa uzito wa jezi yake.

Na hiyo timu ilikuwa imechoka. Mwaka wa 2005, msimu wa kwanza wa Brennan, ilishinda mechi tano ikapoteza saba. Mwaka uliofuata ikashinda 11. Baada ya hapo Brennan angeweza kwenda zake ligi ya kulipwa, kila mtu alikuwa anasema aende akaomoke. Akasema anabaki mwaka mmoja zaidi. Hapo ndipo alinunua roho za watu. Kisiwa ambacho kimezoea kuona kila mtu mzuri akipanda ndege kikaona mmoja amekataa kupanda.

Msimu wa 2007 ukawa moto. Hawaii ilicheza mechi 12 za msimu ikashinda zote 12. Mwaka huo hakuna timu nyingine ya daraja la juu ilimaliza msimu bila kufungwa. Mechi ya mwisho nyumbani, Desemba 1, walikuwa wamelala 21–0 mbele ya Washington, uwanja umejaa pomoni. Wakarudi, wakashinda 35–28. Ukiongea na shabiki yeyote wa Hawaii leo, atakuambia alikuwa wapi usiku huo. Brennan akamaliza wa tatu kwa kura za tuzo ya Heisman, ambayo ni ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima.

Lakini hakuwa malaika

Hapa lazima tuambiane ukweli, kwa sababu mtu akifa tunapenda kumpaka rangi nyeupe.

Kabla ya Hawaii, Brennan alikuwa chuo cha Colorado. Mwaka wa 2004 aliingia chumba cha mwanafunzi wa kike, na ikaishia kortini. Baraza la wazee wa mahakama lilimpata na hatia ya kuvunja na kuingia bila ruhusa, na pia ya kumgusa huyo dada kingono bila ridhaa yake. Jaji alifuta hilo kosa la mwisho akisema ushahidi haukutosha, lakini hayo mengine yakabaki. Akakaa jela siku saba, akawekwa chini ya uangalizi, akatupwa nje ya timu.

Akaenda chuo kidogo cha jamii California, halafu kochi wa Hawaii, June Jones, akamfungulia mlango. Mwanzoni hata skolashipu hakuwa nayo, alikuja kama mtu anayeomba kujaribiwa.

Mashabiki wengi walioandika kumhusu alipofariki waliita hiyo sehemu "nafasi ya pili," na waliiita nzuri. Ni kweli alipewa nafasi ya pili na akaitumia. Lakini kwenye hiyo stori kuna dada ambaye hakuna mtu anampostia picha. Ukimlilia Brennan, usimfute huyo. Unaweza kubeba yote mawili. Mtu mzima anaweza.

Ngazi ya kushuka

Januari 1, 2008, Hawaii ilifika Sugar Bowl kule New Orleans, mechi kubwa kuliko zote walizowahi kucheza. Wakakutana na Georgia. Wakachapwa 41–10. Brennan aliangushwa chini tena na tena, mpaka hata wewe ukicheki klipu leo unajiskia mbavu zinauma.

Siku chache baadaye kochi Jones akaondoka, akaenda chuo cha SMU kule Dallas kwa mshahara ulioripotiwa kuwa kama dola milioni mbili kwa mwaka. Simlaumu, kazi ni kazi. Lakini weka hiyo kando ya hii: yule kijana aliyerusha hizo tachidauni 131 kwa misimu mitatu hakulipwa mshahara wowote. Sheria za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, zilimruhusu kupata karo, mahali pa kulala na chakula. Alipofariki mwaka wa 2021 kulikuwa na kesi ya wachezaji dhidi ya hilo shirika mbele ya Mahakama ya Upeo ya Marekani, wakidai wapewe zaidi. Kwa Brennan, hukumu yoyote ingekuja kama imechelewa.

Washington walimchukua raundi ya sita mwaka wa 2008, nambari 186. Kwenye mechi za kujipima nguvu aling'aa, mashabiki wakaanza kuimba jina lake. Halafu nyonga ikaharibika. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu yenye kuhesabiwa. Mwaka wa 2010 wakamwacha, Oakland wakamshika kidogo wakamwacha pia.

Novemba mwaka huo huo alikuwa abiria kwenye gari huko Kisiwa Kikubwa cha Hawaii. Ikagongana na nyingine uso kwa uso. Akavunjika mbavu na mfupa wa bega, na ubongo ukajeruhiwa. Watu wake wa karibu wamesema mara nyingi kwamba baada ya hapo hakuwa yule yule.

Na hapa shikilia jambo moja. Ubongo huo haukuwa umegongwa mara ya kwanza. Msimu ule wa 2007 wenye raha, Novemba, aligongwa kichwa akakosa mechi ya Nevada. Wiki iliyofuata alirudi uwanjani dhidi ya Boise State, wakashinda 39–27, wakachukua ubingwa. Sote tulipiga makofi, na mimi ningekuwa pale ningepiga. Lakini kichwa si tairi, hakizibwi viraka.

Baada ya hapo alijaribu timu moja baada ya nyingine. Hartford. Timu moja kule Kanada. Los Angeles, ile futiboli ya kuchezwa ndani ya ukumbi. Hakuna iliyoshika. Kati ya hapo pombe na dawa zikaingia, makarao wakamshika mara kadhaa, mara kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na kila mara picha yake ya kituoni ikasambaa. Watu wale wale waliokuwa na bango lake ukutani wakawa wanasoma vichwa vya habari na kutikisa vichwa.

Siku za mwisho

Kwa mujibu wa babake, Brennan alikuwa amekaa rihabu, kile kituo cha kutibu uraibu, kwa miezi kadhaa, na alikuwa anaendelea fiti. Halafu akateleza. Familia ikamchukua ikampeleka hospitali aanze kutolewa sumu mwilini. Wakaambiwa hakuna kitanda.

Soma hiyo sentensi tena pole pole.

Baadaye akapatikana bila fahamu kwenye chumba cha moteli. Babake alisema kitu alichotumia kilikuwa kimechanganywa na fentanili. Kama hujui fentanili, ni dawa ya maumivu ambayo inaweza kuwa na nguvu mara 50 zaidi ya heroini. Mtu anachanganya kidogo kwenye dawa nyingine ili apate faida, mnunuzi hajui, na chembe ndogo inatosha kusimamisha pumzi. Mwaka wa 2019 peke yake, zaidi ya watu 70,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa. Brennan hakuamka tena.

Basi nani hakumpenda?

Sasa nifike kwa kitu kilichonifanya niandike hii yote.

Mtu maarufu akifa hivi, kuna aina ya posti ambayo hutokea kila mara. "Mngempenda akiwa hai." "Maua mpe mtu akiwa anaweza kuyanusa." Zinapata likes kibao kwa sababu zinatufanya tujiskie wenye hekima. Kwa stori ya Brennan, hizo posti hazishiki.

Huyu jamaa alipewa maua. Kule Hawaii maua ni kitu cha kweli, yanatungwa unavishwa shingoni, na yeye alivishwa mpaka yakafika masikioni. Alipendwa na jimbo zima. Wazazi wake hawakumtupa, ndio walimpeleka hospitali kwa mikono yao. Wachezaji wenzake wa zamani bado walikuwa wanamtafuta. Hata baada ya kushikwa na karao, kuna watu Honolulu wangemlipia chakula mahali popote angeingia. Mapenzi yalikuwepo, yamejaa, yanamwagika.

Kilichokosekana ni kitanda.

Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Sikiliza hilo neno kutunzwa vizuri, lina sura mbili. Ya kwanza ni kumpa mchezaji zawadi, ile pesa unambandika kipajini akiwa anacheza. Ya pili ni kumlea, kumwangalia asiharibike. Sisi mashabiki ni mabingwa wa hiyo ya kwanza. Ngoma ikilia tunatunza. Ngoma ikinyamaza, hiyo ya pili tunaachia mathe na buda wake.

Cheki tofauti. Brennan akiwa na jezi, kila kitu kilikuwa na mtu wake. Daktari wa magoti, mtu wa chakula, mtu wa masomo, kochi wa kumwamsha asubuhi. Akiumia Jumamosi, Jumapili anaangaliwa. Siku muda wake wa kucheza chuo uliisha, yote hayo yaliisha kwa pamoja, kama stima imekatwa. Hakuna aliyefanya ubaya. Ndivyo mashine yenyewe imeundwa: inamtunza mchezaji kwa sababu ya mechi ijayo, na yeye hakuwa tena na mechi ijayo.

Mimi niliacha chuo katikati, na sikuwa staa wa kitu chochote, lakini hiyo stima kukatwa naielewa. Jana una kitambulisho, una ratiba, kuna mtu atagundua usipotokea. Kesho yake hakuna anayejua kama umeamka. Sasa fikiria jana yako ilikuwa watu 50,000 wakiimba jina lako.

Ndio maana nasema mapenzi na matibabu ni vitu viwili. Uraibu ni ugonjwa, na mwenye kuugua huwa na dirisha dogo la kukubali. Kuna saa moja, labda siku moja, ambayo mtu husema "sawa, nipelekeni." Hiyo saa ikifika, familia haihitaji wimbo wala heshteg. Inahitaji mlango ulio wazi na kitanda kilichotandikwa. Ikiambiwa "rudini baadaye," dirisha linafungwa. Kwa familia ya Brennan lilifungwa moja kwa moja. Na hii ni California, msee, moja ya sehemu zenye ganji nyingi zaidi duniani.

Usidhani ni mambo ya Wazungu

Jumamosi ya Mei 15, 2021, ilitimia miaka kumi tangu Samuel Wanjiru atuache. Kama ulikuwa mdogo, wacha nikukumbushe. Beijing, 2008, mwaka ule ule ambao Brennan alikuwa anapigwa na Georgia, Wanjiru alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa na miaka 21. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda hiyo dhahabu. Alikimbia kwa joto kama mtu anayekimbizwa, akaweka rekodi ya Olimpiki. Nchi nzima ilisimama.

Miaka isiyofika mitatu baadaye alianguka kutoka balkoni ya nyumba yake Nyahururu akafa. Alikuwa na miaka 24. Miezi kabla ya hapo, shida zake za nyumbani zilikuwa kwenye magazeti, sisi tukizisoma na chai. Jinsi alivyoanguka imebishaniwa mpaka leo na sitaingia hapo. Ninachosema ni kwamba tulimwona. Wote tulimwona. Na kuona peke yake hakukusaidia kitu.

Na si mastaa tu. Kila mtaa una wake. Kuna yule straika ambaye alikuwa anafunga mabao kwa ligi ya mtaa mpaka watu wanasema ataenda Ulaya, sasa yuko stejini saa nne asubuhi na macho mekundu, anaomba ya macho. Unampitishia mbao, unamwambia "uko aje legend," unaenda kazi. Umempenda. Hujakosea. Lakini akikuambia kesho "buda, nimechoka, nisaidie niache," utampeleka wapi? Utapiga nani? Itakuwa ngapi? Wengi wetu hatuna jibu. Rihabu nyingi hapa ni za kibinafsi na bei yake inafanya familia iuze shamba. Za serikali ni chache, na pale Mathari kila mtu anajua foleni ilivyo.

Kwa hivyo badala ya posti, jua vitu viwili vitatu kabla hujavihitaji. NACADA wana laini ya bure, 1192, unaweza kupiga kuuliza usaidizi wa uraibu uko wapi karibu nawe. Isevu kwa simu leo. Uliza hospitali ya kaunti yenu kama ina kliniki ya uraibu na inafungua siku gani. Timu ya mtaa wenu ikiwa na chama, ulizeni kama kuna hata shilingi moja imewekwa kwa ajili ya mchezaji aliyeacha kucheza. Hizo ndizo kazi za shabiki ambazo hakuna kamera inaziona.

Na kwa wakubwa wetu wanaopenda kupiga picha na mabingwa pale uwanja wa ndege: mmezoea kutunza kipaji. Jaribuni kutunza mwenye nacho.

Kilio cha kweli

Simcheki mtu aliyelia huko Honolulu wiki ile. Walilia kwa haki. Ukiwa na miaka 12 halafu timu yako ishinde mechi 12 mfululizo, huyo mtu aliyekupa hiyo furaha anaishi ndani yako. Akifa, kuna chumba ndani yako kinazimwa taa. Hata sisi tuliomjua kupitia klipu tu tunaona kitu kizuri kilikuwa hapo: mikono ikitulia huku majitu yanamjia, mpira ukitoka kwa pembe ya ajabu, kule mbele mtu anadaka bila hata kugeuka.

Aloha Stadium yenyewe haichukui watazamaji tena. Mwishoni mwa 2020 walisema jengo limezeeka, si salama. Kelele zote za 2007 zimebaki kwa vichwa vya waliokuwa hapo, na mmoja wa waliokuwa hapo ametangulia.

Lakini ukimaliza kulia, kumbuka kwamba huko California kulikuwa na wazazi wamesimama kaunta na mtoto wao mkubwa wa miaka 37, wakiomba alazwe. Hawakuwa wanaomba muujiza. Godoro, shuka, dripu na nesi. Alikuwa na rekodi za taifa, na jina lake linajulikana visiwa vizima, na havikumsaidia kupita hapo.

Yule wako wa pale stejini hana rekodi yoyote. Siku atakayosema "nipeleke," uwe unajua njia.